Kukamua alizeti ya familia hapa Dodoma: kuanzia shambani hadi dumu la kwanza

Vichwa vya alizeti vikianza kuinama na kukauka, maswali ninayopata ni yale yale kila mwaka. "Nina ekari tano Kongwa, ninunue mashine gani?" "Gunia moja linatoa lita ngapi?" "Mbona mafuta yangu yanatoa povu kwenye kikaango?" Nimeamua kuyajibu yote sehemu moja.

Mwongozo huu ni wa familia yenye ekari chache, iwe Kongwa, Chamwino, Bahi, Mpwapwa, Chemba, au huko Manyoni na Ikungi, inayotaka kuacha kumpa mwenye lori alizeti ghafi na kuanza kuuza mafuta yenye jina lake.

Nianze na la mashine: usinunue. Angalau si mwaka wa kwanza. Ekari iliyotunzwa kawaida huku kwetu hutoa magunia matano hadi manane ya kilo 60 hivi. Ekari tano basi ni kati ya tani moja na nusu na tani mbili na nusu. Mashine ndogo inayomeza kilo 80 kwa saa inamaliza mzigo huo kwa siku nne, kisha inakaa chini ya turubai hadi msimu ujao huku marejesho ya mkopo yakiendelea. Wakamuaji wapo kila mji mdogo kwenye barabara kuu ya kwenda Singida. Walipe wao, wewe ujifunze mafuta kwanza.

Cha kununua kwanza ni mizani. Utaona sababu mbele.

Kabla ya kuanza, uwe na hivi

- Mizani ya kuning'iniza ya kilo 100, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo.
- Turubai mbili kubwa zisizo na matundu.
- Ungo, na chekeche mbili: moja ya matundu makubwa ya kubakiza vijiti na majani, nyingine ya matundu madogo ya kudondosha mchanga.
- Sumaku. Hata ile ya kwenye spika mbovu inafaa.
- Magunia safi. Mifuko iliyobeba mbolea au dawa usiiguse, hata kama imefuliwa.
- Chaga za mbao au magogo ya kuinulia magunia kutoka sakafuni.
- Mapipa ya plastiki ya chakula au ya chuma kisichoshika kutu, yenye mfuniko, koki ikiwa juu ya kitako kwa upana wa kiganja.
- Kitambaa kizito cheupe cha pamba cha kuchujia.
- Madumu mapya. Ya zamani yaliyobeba mafuta ya taa au dawa ya shamba hayasafishiki kwa sabuni yoyote.
- Daftari, na mtu mmoja wa kuliandika. Mmoja, si kila anayepita.

Hatua ya 1: Kaeni kikao

Biashara nyingi za mafuta za ukoo hazifi kwa ukame, zinakufa mwezi wa tisa wakati wa kugawana. Shamba ni la baba, hela ya trekta imetoka kwa dada aliyeko Dar es Salaam, waliopalilia ni vijana wawili waliobaki nyumbani, na mama ndiye anayeuza. Kila mmoja ana hesabu yake kichwani.

Tenganisheni mifuko miwili: mfuko wa shamba na mfuko wa mafuta. Alizeti ikishapurwa na kupimwa, mfuko wa mafuta *unainunua* kutoka mfuko wa shamba kwa bei ya soko ya siku hiyo, hata kama hela haijatoka na imeandikwa tu kwenye daftari. Waliolima wanahesabiwa kwa kilo zilizoingia. Waliokamua na kuuza wanahesabiwa kwa faida iliyopatikana juu ya hapo. Wazee wengine wataona ni uzungu. Vumilieni. Bila hivyo mtajikuta mnasifia faida ya mafuta ambayo kumbe ni jasho la shamba lisilolipwa.

Hatua ya 2: Panda mapema kidogo, palilia mapema zaidi

Hapa napita haraka, maana mkulima wa Dodoma hafundishwi jembe. Tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe kwa wastani haifiki milimita 600. Panda mwishoni mwa Desemba hadi katikati ya Januari, ardhi ikishalowa vizuri. Sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mbegu mbili kwa shimo, halafu punguza ubaki mmea mmoja. Ekari itakula kilo mbili hadi tatu. Kama shamba lina mteremko, tengeneza matuta na uyafunge kila baada ya hatua chache ili maji yabaki.

Mbegu ya Record, ambayo si chotara, unaweza kujiwekea mwenyewe msimu mmoja au miwili, kwa kuchagua vichwa vizuri vya katikati ya shamba. Chotara usirudie: mwaka wa pili shamba linakuwa la warefu na wafupi, na mafuta yanashuka. Nunua mfuko wenye lebo ya TOSCI (taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu) kwa duka unalolijua.

Shamba likichanua usipulizie dawa ya wadudu. Nyuki ndio wanaojaza mbegu. Kichwa chenye mapepe (mbegu tupu zisizo na kiini) katikati mara nyingi kimekosa nyuki au kimekosa maji wakati wa maua.

Hatua ya 3: Vuna kwa kuangalia mgongo wa kichwa

Usihesabu miezi. Geuza kichwa uangalie nyuma: kijani, bado, njano, subiri kidogo, kikianza kuwa kahawia na maua ya pembeni yameanguka, kata. Ukichelewa ndege watakutangulia, na mbegu zitadondoka kwa upepo.

Onyo: vichwa vilivyokatwa leo usivirundike usiku kucha kwenye lundo moja. Kichwa cha alizeti kina unyevu mwingi kama sponji, na lundo likipata joto ndani, asubuhi ukilifunua unakutana na mvuke na harufu ya uvundo. Vitandaze juu ya turubai, uso ukiangalia jua.

Hatua ya 4: Pura juu ya turubai, pepeta hadi uchoke

Hapa ndipo mafuta mengi hupotea, na hakuna anayeona yakipotea.

Ukipura chini kwenye udongo mkavu, mchanga unaingia kwenye mbegu. Mchanga huo unafanya mambo matatu: unakuongezea kilo za uongo, unasaga nyuzi za shafti ya mashine hadi ishindwe kubana, na unashuka na mafuta kama tope. Mkamuaji mwenye akili akichota mkono mmoja wa mbegu zako, akizisugua na kuona vumbi jekundu limebaki kiganjani, atakutoza zaidi au atakuweka wa mwisho kwenye foleni. Ana haki.

Piga vichwa kwa fimbo, uso ukiwa chini. Chekecha kwa chekeche kubwa, kisha ndogo. Kisha pepeta. Upepo wa Dodoma wa Juni na Julai, ule unaoangusha kamba za nguo, ndio wa kazi hii: simama ukiupa ubavu, mimina taratibu kutoka usawa wa kifua. Mbegu iliyojaa inaanguka karibu na mguu. Pepe linaruka mbali. Mbegu zilizoanguka katikati zipepete tena. Mapepe yakiingia kwenye mashine hayatoi kitu. Yanakunywa mafuta ya wenzao na kuondoka nayo kwenye mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa.

Mwisho pitisha sumaku juu ya mbegu zilizotandazwa. Msumari mmoja au kipande cha waya kinatosha kuvunja mashine ya watu, na utalipa.

Sasa pima. Andika kilo safi. Kama unaongezea za majirani, nunua kwa kilo na si kwa debe wala kwa lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi). Debe la mapepe na debe la mbegu nzito yana sura moja.

Hatua ya 5: Kausha na utunze

Kwa kuhifadhi, unyevu usizidi asilimia 9 au 10. Kwa kukamua, asilimia 6 hadi 8 ndiyo inayopendeza. Chama cha ushirika au ghala la karibu huwa na kipima unyevu, peleka sampuli. Kama huna, bana mbegu kwa kucha: ganda likipasuka kwa mlio na kiini kikakatika, umefika. Kiini kikipondeka kama kimelowa, rudisha juani.

Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Na hapa sitanii: mbegu zilizoota ukungu zitupwe. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliua watu hapa Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Alizeti nayo inaweza kuipata, na ukikamua, sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye mashudu. Mashudu yataliwa na ng'ombe, na maziwa yatarudi nyumbani kwa watoto.

Hatua ya 6: Chagua mkamuaji

Nenda siku ambayo hukamui. Tazama mambo manne. Sakafu: imefagiliwa au unateleza? Mashudu yanayotoka: ni magamba membamba makavu, au ni laini yanayong'aa mafuta? Je, anaruhusu mteja kusimama karibu na mashine? Na je, anasafisha mashine kati ya mteja na mteja, au mafuta ya mtu wa Mpwapwa yanatoka na mbegu ya mtu wa Bahi?

Kisha uliza mashudu ni ya nani. Wapo wanaokukamulia kwa bei ya chini sana, wengine hata bure, kwa sharti la kubaki na mashudu. Hiyo si zawadi. Mashudu ni zaidi ya nusu ya uzito wa mzigo wako na wafugaji wa kuku na ng'ombe wa maziwa wanayatafuta. Fanya hesabu kabla ya kushukuru.

Hatua ya 7: Siku ya kukamua

1. Jana yake tandaza mbegu juani mchana kutwa, kisha zifunge zikiwa na joto. Mbegu yenye joto inaachia mafuta kirahisi.

2. Fika na mizani yako. Pima mbele ya mkamuaji, mkubaliane kilo.

3. Mashine ikianza, dakika za mwanzo bado ni ya baridi. Mashudu yatatoka manene na mafuta yatakuwa na unga mwingi. Yarudishe yote juu, yapite tena. Usiruhusu mtu akwambie "hayo ya mwanzo ni ya kuoshea mashine". Ni yako.

4. Mashine ikipata moto, fundi atakaza tundu la mbele polepole. Chukua gamba la mashudu likiwa bado na joto, likunje. Likivunjika kwa mlio na vidole vikabaki vikavu, pamebanwa vizuri. Vidole viking'aa, mwambie aongeze kidogo. Mashudu yakitoka meusi yenye moshi, amezidisha; mafuta yataungua na kubeba harufu hiyo hadi jikoni kwa mteja.

5. Mimina mbegu kwa mwendo mmoja. Hopa (chombo cha juu cha kumiminia mbegu) ikiwa tupu mara imejaa, ubanaji unayumba.

6. Mkiisha, pima mafuta na mashudu. Vyote viwili.

7. Mashudu yatandaze yapoe kabisa kabla ya kufunga. Yakifungwa ya moto kwenye gunia huchemka ndani, huota ukungu, na lundo kubwa laweza hata kuwaka lenyewe.

Sasa ile faida ya mizani. Chukua mfano wa kilo 500 safi. Kwa mashine ndogo nzuri na mbegu ya kawaida, tarajia mafuta kilo 130 hivi. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo hizo ni kama lita 141, yaani madumu saba ya lita 20. Mashudu yatakuwa kilo 330 au zaidi kidogo. Zinazobaki, kilo 30 na kitu, ni unyevu uliopaa, mashapo na vilivyomwagika. Jumla ya ulivyotoka navyo ikipungua kwa kilo 80 au 100 kutoka ulivyoingia navyo, rudi uangalie nyuma ya mashine kabla hujapakia gari. Na mafuta yakiwa machache huku mashudu yakiwa mengi kupita kawaida, hakuna mwizi: mafuta yako yamo ndani ya mashudu.

Hatua ya 8: Tuliza, chuja

Mafuta yanayotoka mashineni ni meusimeusi na yana unga. Usiyajaze kwenye dumu siku hiyo. Yaweke kwenye pipa lenye mfuniko, gizani, pasipotikiswa, siku tano hadi saba. Julai yaongezee siku mbili tatu, baridi huyafanya mazito na mashapo hushuka polepole. Kisha fungua koki. Kwa kuwa iko juu ya kitako, mashapo yatabaki chini. Pitisha kwenye kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Usikikamue kitambaa kwa mkono, utasukuma unga upite. Mwenye filta ya mashine atakumalizia kwa saa moja na mafuta yatang'aa zaidi, kwa hiyo kama mkamuaji wako anayo, lipia.

Mafuta yakiwa bado na unyevu, yapashe kwenye sufuria kavu iliyojaa nusu tu, moto mdogo, hadi mlio wa kupasukapasuka uishe. Yasifike kutoa moshi. Maji yakikutana na mafuta ya moto hurusha mafuta hayo nje, kwa hiyo watoto wakae mbali, mchanga uwe karibu, na yakishika moto funika sufuria, *usimwage maji*.

Hatua ya 9: Jaza na uza

Dumu liwe kavu kabisa. Jaza hadi shingoni, maana hewa iliyobaki juu ndiyo inayochachisha. Weka ndani, gizani.

Najua kila mtu anaona zile chupa na madumu ya rangi ya dhahabu yaliyopangwa kando ya barabara, jua linayapiga tangu asubuhi. Yanavutia macho, kweli. Lakini jua na joto ndivyo vinavyoharibu mafuta haraka kuliko kitu kingine. Kama ni lazima kuuza barabarani, weka la maonyesho moja, mengine yakae kivulini, na hilo la maonyesho usimuuzie mtu.

Bandika lebo: jina, ujazo, tarehe ya kukamua, namba ya mkupuo. Kuuziana na majirani ni jambo moja. Ukitaka kuingia dukani utahitaji jina lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango). Anzia ofisi ya mkoa ya SIDO (shirika la viwanda vidogo), ndiyo njia ya kawaida ya mjasiriamali mdogo kufika TBS, na wanaweza kukuonyesha jengo lako linatakiwa liweje kabla hujatumia hela.

Hatua ya 10: Hesabu ya mwisho

Jumlisha mauzo ya mafuta na mashudu. Toa gharama ya kukamua, usafiri, madumu, lebo. Kinachobaki kigawe kwa kilo za alizeti safi ulizopeleka. Jibu ni bei ambayo kila kilo imejipatia kwa kupita mashineni. Lilinganishe na bei ya alizeti ghafi siku uliyokamua. Kama haizidi kwa kiasi cha kulipa usumbufu wenu, mwaka huo uzeni ghafi. Si aibu. Ipo miaka ambayo mafuta ya nje yanashusha bei sokoni na mashine haina msaada.

Ukikwama

*Mafuta yanatoa povu kikaangoni.* Yana unyevu, mashapo au utomvu wa mbegu. Rudisha yatulie, chuja tena, pasha kama nilivyoeleza.

*Yamekuwa na wingu jeupe asubuhi ya baridi.* Hayajaharibika. Ni nta ya maganda, huganda kwenye baridi. Weka dumu sehemu yenye joto la kawaida, yatarudi kuwa maangavu. Mwambie mteja mapema, asije akadhani umemchanganyia kitu.

*Yananuka kama rangi ya kupaka ukutani.* Yamechacha. Kuchemsha hakuponyi, kuchanganya na mapya kunaharibu yote mawili. Yapeleke kwa mtengeneza sabuni.

*Mashudu yanatoka kama uji na mashine inateleza.* Mbegu mbichi. Simamisha, rudisha juani siku moja.

*Mashine inaziba, inatoa unga.* Mbegu imekauka kupita kiasi. Nyunyiza maji kidogo sana, geuza vizuri, funika usiku mmoja, kamua kesho.

*Kilo zile zile, mkamuaji yule yule, lakini lita zimepungua kuliko mwaka jana.* Angalia daftari: ulibadili mbegu? Mvua ilikatika wakati wa maua? Kama jibu ni hapana kwa yote mawili, muulize fundi mara ya mwisho shafti ilijazwa lini kwa kuchomelea. Ikiwa imekwisha, subiri aitengeneze au hamia kwa jirani yake.